Mikono Minne, Gogo Moja

Kijijini, Kroatia
3 Juni 2025

Kaka Jacques,

Nimefika salama. Nakuandikia barua pepe kwa makusudi, maana kwenye WhatsApp wewe hunijibu kwa dole gumba tu, na mambo ya gogo hayaendi kwa dole gumba. Jina la kijiji lina herufi zilizobanana hata nimeshindwa kulitamka mbele ya watu. Nitaandika "Kijijini" na wewe utanielewa.

Ni pahali padogo. Barabara moja, kanisa, stesheni ya treni, mahindi pande zote mpaka macho yachoke. Juu ya nguzo za umeme kuna viota vya korongo, vikubwa kama beseni la kufulia. Hakuna robot ya kuongoza magari hata moja. Kila kitu kina jina la yule mchonga sanamu mashuhuri aliyezaliwa hapa: shule, duka la mikate, hata timu ya mpira. Nyumba aliyozaliwa wameigeuza makumbusho, na anayeitunza ni mama wa makamo anayeitwa Bi Ankica, ndiye aliyenipokea stesheni. Tumealikwa wachongaji wanne kiangazi hiki: Mturuki, Mpolandi, msichana wa Kijerumani na mimi. Kila mmoja amepewa gogo na mwezi mmoja, na kazi yake itasimamishwa kwenye ua wa nyumba ile, ibaki hapo moja kwa moja.

Sasa shida. Gogo langu ni la mwaloni, refu kunipita, na limelala uani kama ng'ombe aliyekataa kuamka. Nimelitazama asubuhi yote. Kaka, sioni kitu. Unajua miaka kumi na mmoja pale Troyeville kazi yangu huanza pale yako inapoishia. Wewe unamtoa mtu ndani ya mti kwa tezo. Mimi nampiga msasa, nampaka nta, nampeleka sokoni. Nilimwahidi marehemu mama kule Tanga kwamba sitaumba sura ya mtu kwa mkono wangu, na wewe kila siku unanicheka kwamba unatenda dhambi na mimi naisugua ing'ae. Leo sina dhambi ya kusugua.

Ingekuwa karatasi yako ya ukimbizi inapanda ndege, ungekuwa hapa wewe, na mimi ningebaki nyumbani na msasa wangu bila presha. Basi niambie nianzie wapi. Makubaliano yetu yako palepale: majina yote mawili, chini ya kazi, upande wa nyuma.

Mdogo wako,
Mselem


Troyeville, Johannesburg
6 Juni 2025

Mdogo wangu Mselem,

Bon, sawa. Kwanza acha kuogopa. Watu wale waliangalia picha za kazi zetu, wakapenda, wakakuita. Hawakukuokota barabarani.

Hapa ni baridi kabisa. Maji yalikatika siku tatu, shemeji yako Léocadie akawa anaosha vichwa vya wateja wake wa saluni kwa maji ya dumu. Wale wakata miti wa Kensington walitushushia shina la mjakaranda, kubwa. Wadudu waliumaliza mti wenyewe lakini moyo wake ni mzima. Liko ukutani.

Sasa sikiliza. Usinitumie picha. Picha inalaza mti, inaufanya bapa kama chapati, na mie nitakudanganya. Niandikie. Siku mbili usishike chombo. Lizunguke. Likalie. Miaka yote hii umekalia magogo yangu ili yasicheze nikipiga tezo. Makalio yako yanajua mti kuliko unavyofikiri. Kisha uniambie: mizizi ilikuwa upande gani? Mti umepinda wapi? Una kifundo, una uvimbe?

Na niambie nyumba ya huyo mchongaji wao ikoje. Nataka kujua mtu kama yule alikulia pahali pa namna gani.

Naandika kifupi, nina kazi.

Kaka yako,
Jacques


Kijijini
11 Juni 2025

Kaka Jacques,

Nimelizunguka mpaka Mpolandi akaniuliza kama nimepoteza kitu. Nimelikalia na chai yangu. Taarifa ni hii: upande wa mizizi ni mnene, miguu miwili ya mtu mzima inakaa pale. Ukipanda juu, kama kwenye kiuno, mti umepinda kwenda mbele, halafu hausimami tena wima. Juu, upande wa nyuma, una uvimbe mkubwa, mviringo, mgumu. Nikiugonga unalia tofauti na sehemu nyingine. Kifundo ni kimoja, pembeni, hakina madhara.

Nyumba nimeiona. Vyumba viwili na jiko. Ndani wamepanga sanamu za plasta: vichwa, wanawake waliokaa, na mikono mingi isiyo na watu. Nilimuuliza Bi Ankica mchongaji yule alikuwa akilala chumba kipi. Akacheka. Kumbe wazazi wake hawakuwa watu wa hapa. Walikuwa vibarua, walikuja kutoka milimani kuvuna nafaka za wengine, mtoto akazaliwa katikati ya mavuno. Kabla hajajua kutembea wakamfunga mgongoni wakarudi kwao. Alipokwisha kuwa mkubwa na jina, alikuja mara moja, akanywa kahawa, akaondoka na treni ya jioni. Nikamuuliza, sasa mbona kijiji kizima kinamdai? Akasema, "Wa kwao wana kaburi lake. Sisi tuna siku ya kwanza tu, ndiyo tunaing'ang'ania."

Nikamfikiria mwanao Célestine, aliyezaliwa pale pale Johannesburg. Labda na Troyeville nayo itamdai siku moja.

Mbona barua yako ilikuwa fupi hivyo? Kazi gani unayo bila mimi?

Mselem


Troyeville
13 Juni 2025

Shemeji Mselem,

Jacques hajui kama ninakuandikia, na tafadhali asijue.

Tarehe tano alikwenda peke yake kwenye lile shina la mjakaranda. Nilimwambia angoje, akasema hakuna wa kumngoja. Hakukuwa na mtu wa kulikalia. Likabiringika, tezo ikaingia mkono wa kushoto. Walimshona vizuri hospitali, sina la kulalamika. Lakini daktari anasema vidole viwili havitakunjika tena, na mkono hautakuwa na nguvu ya kushikilia mti wala kubeba pigo. Jacques akamwambia asante sana, akauliza choo kiko wapi. Kesho yake ndipo alipokuandikia ile barua ya kwanza, kwa kidole kimoja, bandeji mpaka kwenye kiwiko.

Tangu siku ile hajaingia atelie yenu ya kuchongea. Vyombo vimelala chini vilevile na damu. Kinachomtoa kitandani ni barua zako. Anazisoma, anafumba macho, halafu anapitisha mkono ule mzima hewani, hivi, kama anapapasa mtu. Jana alisoma ile ya uvimbe, akaomba chai. Hakuwa ameomba kitu wiki nzima.

Nakuomba vitu viwili. Usirudi kabla ya wakati. Na usiache kumuuliza. Hata kama jibu unalijua, muulize.

Shemeji yako,
Léocadie


Kijijini
14 Juni 2025

Shemeji Léocadie,

Nitamuuliza. Ningekuwepo nikalikalia lile shina, mkono ungekuwa mzima. Hilo nalijua na sina la kulifanya.

Na mimi nina langu. Nakwambia wewe kwa kuwa yeye siwezi. Kwenye fomu ya kuomba kuja huku kulikuwa na swali: je, unafanya kazi peke yako? Niliandika ndiyo. Niliogopa nikisema hapana watachukua mtu mwingine. Hapa wamekwisha kuandaa kibao cha shaba chenye jina moja, langu. Nilimuuliza Bi Ankica kama kibao kinaweza kubeba mawili, akasema fomu yangu ilikuwa na moja. Kwenye mti wenyewe niandike nipendacho. Kwa hiyo jina la Jacques nitalichonga kwenye mti. Naona aibu lakini ndivyo nilivyofanya.

Mselem


Troyeville
16 Juni 2025

Mselem, mdogo wangu,

Nimemuona!

Ule uvimbe siyo uvimbe, ni mzigo. Pale penye kupinda ni mgongo. Huyo ni mwanamke wa kwetu Bukavu, anapanda kutoka ziwani mpaka soko la Kadutu na mihogo mgongoni, na mkanda wa mzigo umepita kwenye paji la uso. Ni mama yangu, Mselem. Alibeba mizigo ya watu njia ile miaka ishirini, mpaka paji lake likawa na mfereji. Nilipokuwa mdogo nililaza kidole humo na kilitosha. Nimejaribu kumchonga mara mbili na mara mbili niliacha, sababu mti ulikuwa mdogo. Huu unamtosha.

Najua umeahidi nini kwa mama yako. Lakini huyu si wa kwako, ni wa kwangu. Mkono ni wako, macho ni yangu. Dhambi yake iandike kwa jina langu, nitaibeba mie, nina nyingine nyingi za kuipa kampani.

Anza na mzigo. Mihogo haikai kama kuni. Inalaliana, mingine inachungulia kwenye kamba. Kisha mkanda. Upana vidole viwili. Usiufanye uning'inie kama mkufu wa bibi harusi. Mkanda unakaza, unakata. Ukiutazama lazima shingo yako ikuume. Halafu magoti. Uso uache mwisho kabisa. Tukifika kwenye uso nitakuambia kila kitu, sababu mie tu ninaujua.

Kaka yako,
Jacques


Kijijini
21 Juni 2025

Kaka Jacques,

Nimeanza na mzigo kama ulivyosema. Mwaloni ni mgumu kama roho ya mwenye nyumba wetu, tezo inarudi na mlio. Siku ya kwanza nilitoa vibanzi vya kujaza kofia tu. Siku ya tatu mkono ukazoea. Mturuki alisimama nyuma yangu muda mrefu, akasema neno kwa lugha yake akaniletea tikiti maji.

Maswali. Mkanda unafungwa wapi kwenye mzigo, juu au katikati? Mama akichoka, alikuwa akiushika mkanda kwa mikono au aliiacha mikono ining'inie? Na uso: mdomo ulikuwaje? Usifanye haraka kunijibu, eleza kwa nafasi.

Mselem


Troyeville
23 Juni 2025

Mselem,

Umeuliza vizuri. Mkanda unafungwa chini ya katikati, ndiyo mzigo usimwangushe nyuma. Mikono: kwenye mpando mkali aliushika mkanda hapa karibu na masikio, vidole ndani, kupunguzia paji kidogo. Kwenye tambarare aliiachia.

Mdomo aliufunga hivi, kama fundi wa nguo aliyebana pini kwa midomo. Hakuwa na hasira, alikuwa anatunza pumzi. Macho chini, sababu njia ina mawe. Jicho la kushoto lilikuwa dogo kuliko la kulia, usiyafanye sawasawa. Nyusi zake zilikuwa chache. Chini ya mkanda ngozi ilijikunja mikunjo mitatu.

Leo nimekaa nje juani nimemchora huyu mama hewani mpaka jirani yetu, mzee Luqman, akauliza kama naendesha kwaya. Mie ni mzima. Uko wapi sasa? Umefika kwenye nyusi?

Jacques


Kijijini
30 Juni 2025

Kaka Jacques,

Sikufika kwenye nyusi. Kazi imekwisha, jana wameisimamisha uani. Picha nimeiambatanisha, lakini nakuomba usome kwanza.

Nilichonga mzigo kama ulivyonielekeza, mihogo na kamba zake. Nilichonga mkanda. Unatoka kwenye mzigo, unakuja mbele umekaza, unazunguka pale ambapo paji la uso lingekuwa, unarudi nyuma. Ndani ya mkanda hakuna kitu. Ni hewa. Chini ya mzigo nimeuacha mti ulivyo, umepinda, na gome lake. Sikuugusa.

Pale penye paji kulikuwa na ufa. Sikukuambia. Ningeweza kuusingizia huo ufa na mambo yangeishia hapo, lakini ningekuwa mwongo mara mbili. Nilifika pale na patasi, mkono ukakataa. Nilimkumbuka mama na ahadi yangu, na nilipouona ufa nilifurahi. Hiyo ilikuwa tarehe kumi na tisa. Swali la mdomo nililokuuliza baada ya hapo lilikuwa la uso ambao nilikwisha kujua sitauchonga.

Najua yaliyoupata mkono wako. Usimkasirikie aliyeniambia. Niliendelea kuuliza kwa sababu hiyo.

Majina yetu yote mawili yako chini, upande wa nyuma. Lako ndilo la kwanza.

Mselem


Troyeville
1 Julai 2025

Mselem,

Nimesoma, nimeona picha.

Mama yangu yuko wapi?

Nilikupa jicho lake la kushoto. Nilikupa mikunjo mitatu ambayo hata Léocadie sikuwahi kumwambia, na wewe ulishakata shauri. Uliniuliza kwa huruma. Ulinikalisha kwenye usukani wa gari ambalo umekwisha kulizima, ukaniacha nipige honi. Léocadie naye nimemwambia yake, hatuzungumzi leo.

Kazi ambayo sikuiona na ambayo mama yangu hayumo siwezi kuibeba. Toa jina langu.

Jacques


Kijijini
4 Julai 2025

Kaka Jacques,

Nimelitoa. Niliomba ruhusa, nikainama nyuma ya mti na patasi, kisha msasa. Imechukua kama nusu saa. Palipokuwa na jina lako pamebaki kibonde laini. Nilitaka kukijaza nta kisionekane, nikaona hapana.

Kuna jambo jingine, heri ulisikie kwangu. Kwenye fomu ya kuja huku niliandika kwamba nafanya kazi peke yangu. Kibao cha shaba kilikuwa na jina langu pekee tangu siku niliyofika. Ule uongo sasa umegeuka kweli, kila kilichoandikwa pale ni sahihi, na sijakifurahia hata kidogo. Nimekukosea. Nimekukosea mara ya kwanza kwa tamaa na mara ya pili kwa kukuhurumia, na naona ya pili ndiyo iliyokuuma zaidi.

Nikueleze kilichotokea siku ya kusimamisha, siyo kwa kujitetea. Watu wa kijiji walipita kwenye kazi zote nne wakipiga picha. Alikuja bibi mmoja mfupi, amejifunga kitambaa kichwani, nyumba yake iko nyuma ya stesheni. Akauzunguka mti wetu, namaanisha mti wangu. Akashika mkanda kwa mikono miwili, karibu na pale masikio yangekuwa, akaingiza kichwa na kuegemeza paji lake. Alikaa hivyo. Hakuna aliyecheka. Bi Ankica aliniambia baadaye kwamba bibi yule alivuna mashamba ya watu maisha yake yote na hajawahi kuingia kwenye ile nyumba ya makumbusho hata siku moja. Sikumwambia mtu yeyote mahali pa kushika. Maneno ya mikono uliniandikia wewe.

Natua Jumanne. Lile shina la mjakaranda nitalianza mimi, wewe utalimalizia. Halitakuwa mtu, litakuwa chochote. Msasa hushikwa kwa mkono wa kulia, na nta pia. Kushoto hulaza kiganja tu. Ukikataa nitaelewa, nitatafuta kazi nyingine hapo mjini na tutaendelea kusalimiana.

Mselem


Troyeville
6 Julai 2025

Mselem,

Nimeiangalia ile picha siku tano. Nilitaka kosa. Nimeigeuza simu, nimeikuza mpaka ikawa vidoti.

Mkanda uko sawa. Upana ni vidole viwili, umekaza penye kukaza. Mama angeujua mkanda ule. Mihogo miwili ya upande wa kulia umeilaza vibaya, lakini mkanda uko sawa.

Ile fomu nilikuwa ninaishuku tangu mwanzo. Mtu haitwi ng'ambo kwa majina mawili. Nilinyamaza sababu nilitaka kazi yetu ifike hata kama mie sifiki. Kwa hiyo hapo tumegawana.

Sehemu ya yule bibi nilimsomea Léocadie kwa sauti nikashindwa kuimaliza, akaimaliza yeye.

Bado namtaka mama yangu mwenye uso, na sasa najua sitampata kwa mkono wangu wala wako. Hiyo inaniuma na itaendelea kuniuma, usije ukanituliza.

Jumanne uje moja kwa moja hapa, usipitie kwako kwanza. Vyombo nimeviosha. Mie sijapiga msasa maisha yangu yote, nilikuwa naona ni kazi ya watu waoga. Utanifundisha. Na unifundishe polepole, sababu nina hasira.

Jacques